Mazoezi na Saa Yake

Watu wengi huanza mazoezi ya mwili. Wachache hudumu nayo. Nimekaa Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, muda wa kutosha kuona jinsi nia njema ichanuavyo mwezi wa Januari na kunyauka kabla ya masika. Aghalabu husemwa kuwa sababu ni uvivu. Siamini. Aliyeacha mazoezi katika wiki ya tatu huweza kuwa mtu yule yule aamkaye saa tisa ya usiku kwenda kuvua, wala hakosi siku. Ni vigumu kufikiri mtu mmoja awe mvivu nchi kavu na hodari majini.

Tofauti ni kwamba bahari haimwulizi kama ana hamu. Wanawake wa pwani yetu watafutao pweza miambani huenda maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu. Saa ya kupwa husogea kwa dakika 50 hivi kila siku. Ya kesho siyo ya leo, lakini kila mmoja huijua. Huvuka tope na mwamba kwa miguu, huinama na kuinuka mara zisizo idadi, kisha hurudi na mzigo. Hakuna aiitaye kazi hiyo mazoezi. Uamuzi wa kwenda umekwisha kufanywa na mwezi. Wao wamebakiwa na kwenda tu. Nadhani nguvu nyingi za mtu aanzaye mazoezi hupotea katika kuamua, si katika kutembea.

Sisemi haya kwa kujifurahisha. Kazi yangu ni ya kiti na karatasi, na baba yangu alipatwa na kiharusi miaka mitatu baada ya kuacha uvuvi. Nilipopimwa shinikizo la damu, tabibu alinitajia kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka wa 2020: dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Silikanti, samaki ambaye kwa ajili yake pwani hii ilifanywa hifadhi ya bahari mwaka wa 2009, hukaa mapangoni kilindini karibu bila ya kujitikisa, na jamii yake imedumu tangu zama za kale. Lakini sisi hatukuumbwa kama yeye.

Basi nilimwomba jirani mmoja, mzee wa kunizaa, ambaye alikuwa na desturi ya kutembea baada ya sala ya alfajiri, anipitie. Hakunipa wasia wowote juu ya afya. Alifika mlangoni, akapiga hodi, akangoja.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Maji yanajaa, tupite njia ya juu.”

Ilikuwa hivyo kila siku. Kumwacha mzee amesimama gizani ni fedheha kubwa kuliko uchovu, nami niliamka kwa sababu ya fedheha hiyo miezi mingi kabla ya kuamka kwa sababu ya afya.

Wataalamu wa University College London walichapisha mwaka wa 2010 uchunguzi wa watu 96 waliojaribu kujijengea desturi mpya. Kwa makadirio yao, mtu wa katikati alihitaji siku 66 mpaka jambo litendeke karibu lenyewe. Wengine 18, wengine 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Laiti jambo hili la mwisho lingejulikana zaidi, kwa kuwa wengi huvunjika moyo kwa siku moja waliyokosa, wakatupa na mia zilizobaki.

Lakini saa ya kuazima ina hatari yake. Wengi wetu tuliosoma shule za Tanzania tulikimbia mchakamchaka asubuhi tukiimba, na siku tulipoondoka shuleni tukaacha kukimbia. Kengele ilikuwa mali ya shule, ilibaki huko. Vikundi vya watu wazima Dar es Salaam na Unguja vimeufufua mchakamchaka pamoja na nyimbo zake, na Zanzibar huadhimisha tarehe 1 Januari kuwa siku ya mazoezi. Mkutano huo mkubwa ni furaha. Hata hivyo mimi hutumaini zaidi watu wanne wa mtaa mmoja wanaojuana kwa majina, kwa maana kati ya maelfu hakuna ajuaye kuwa hukuja.

Mwaka jana goti la mjomba lilimkataza njia. Wiki ya kwanza nililala. Wiki ya pili adhana iliniinua yenyewe, nikatoka peke yangu mpaka mwisho wa minazi. Niliporudi nilimkuta barazani kwake na kahawa, naye kabla ya kuitikia salamu aliniuliza nimefika wapi. Sasa huniuliza kila asubuhi.