Dawa ya kufukuza maji kwenye kioo cha gari: inafaa au ni maneno ya chupa tu?

Wiki hii naweka msimbo kando kidogo, tuzungumze juu ya kioo.

Kila mvua za masika zikikaribia, na tena zile za vuli, maduka ya vipuri na vituo vya petroli hapa Nairobi hupanga mbele chupa ndogo za dawa ya kufukuza maji. Iliyo maarufu zaidi ni Rain-X, ambayo ilianza kuuzwa Marekani na kampuni ya Unelko ya Arizona miaka ya 1970. Siku hizi ziko nyingine chungu nzima. Ahadi ni ile ile: paka kioo cha mbele, mvua itakimbia yenyewe.

Sisi tunaoandika programu tumezizoea ahadi za namna hiyo. Kwa hiyo nikaiuliza chupa swali ninaloiuliza kila programu mpya: unafanya nini hasa, na utafanya hivyo hapa kwetu Sarang'ombe?

Tuanze na maji yenyewe. Kioo kisafi kinapenda maji. Usoni mwake kuna vikundi vidogo vya oksijeni na hidrojeni vinavyovuta molekuli za maji, ndiyo maana tone likianguka juu yake linatandaa. Lakini ni gari gani la Nairobi lenye kioo kisafi? Kuna moshi wa dizeli, vumbi, grisi, mabaki ya sabuni ya kuoshea gari. Basi hapa maji yanatandaa, pale yanajikunja, na mwanga wa taa za gari linalokuja unapindishwa ovyo ovyo. Ukitazama vizuri utaona shida si maji kuwa kioone. Shida ni maji kutokaa kwa namna moja.

Hapo zinatokea njia mbili. Ya kwanza ni kuyafanya maji yatandae kabisa, kioo kizima, kama karatasi moja nyembamba ya nailoni. Madereva wa zamani waliijua njia hii bila maabara yoyote. Waipa ikikufia njiani, unakata kiazi kibichi au unachukua tumbaku, unasugua kioo kwa nje, unaendelea na safari. Ute na wanga unaobaki unavuta maji, nayo yanatandaa sawasawa, unaona mbele.

Njia ya pili ni kinyume chake: maji yajikunje yawe shanga na kioo kisiyashike. Ndiyo kazi ya chupa. Ndani mwake kuna polima ya silikoni iliyoyeyushwa katika spiriti na asidi kidogo. Spiriti ikikauka, silikoni inajifunga kwenye vile vikundi vya oksijeni na hidrojeni, na upande wake usiopenda maji unabaki umetazama nje.

Wanasayansi hupima jambo hili kwa pembe ambayo ukingo wa tone unafanya na sehemu lilipokaa. Kwenye kioo kisafi pembe ni ndogo sana. Kwenye kioo kilichopakwa silikoni inapita nyuzi 90, inafika 100 na ushei. Sasa nenda katazame sukuma wiki zilizopandwa kwenye magunia pale Gatwekera au Kisumu Ndogo baada ya mvua, au jani la nduma kando ya mto. Tone limekaa juu ya jani kama gololi, ukiligusa tu linabingirika. Hapo pembe inazidi nyuzi 150! Mwaka 1997 Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis wa Ujerumani walichapisha utafiti kuhusu majani yanayojisafisha, na pamoja na yungiyungi walichunguza nduma na mmea wa jamii moja na sukuma. Siri ni nta, pamoja na vipele vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Chupa haiwezi kufika huko, kwa sababu kioo lazima kibaki laini. Ukikitia vipele vikubwa kidogo tu, mwanga unatawanyika na unabaki na kioo cha bafu.

Matokeo yake ni muhimu sana. Tone la sukuma linaondoka lenyewe, tone la kioo cha gari linahitaji kusukumwa, na kinachosukuma ni upepo wa mwendo. Kwa kawaida ukifika kilomita 60 kwa saa hivi na kuendelea, kutegemea mlalo wa kioo, shanga zinaanza kupanda juu mbio na kupotea. Chini ya hapo zinakaa tu.

Na sisi tunaendesha kwa mwendo gani? Southern Bypass usiku, sawa. Lakini Kibera Drive kuanzia Ayany, au Naivasha Road kuelekea Kawangware saa moja jioni, mvua inanyesha? Unasogea, unasimama, tuta, unasimama tena. Kila tone lililokaa kiooni ni lenzi ndogo, na kila lenzi inakutengenezea nyota kutoka kwa taa ya matatu iliyo mbele yako.

Swali hili lililetwa kwangu na jirani anayeendesha Probox ya kubeba abiria usiku. Akaniambia, "Wewe ndugu yangu ni mtu wa kompyuta, unasomasoma. Nina pesa za kitu kimoja tu. Ninunue waipa ama hii dawa?" Waipa zake zilikuwa zimekauka, zinaacha mistari kama reki. Huyu mtu analisha watoto kwa hilo gari, kwa hiyo sikutaka kumjibu kwa kubahatisha.

Tukafanya jaribio. Rafiki mwingine alikuwa na chupa iliyobaki nusu. Tulipaka upande wa kushoto peke yake, ule wa abiria, upande wa dereva tukauacha kama ulivyo. (Hujaribu kitu kipya kwenye seva inayotumika, sivyo?) Mvua iliponyesha nikakaa kushoto, nikawa nalinganisha pande mbili.

Kwenye bypass upande uliopakwa ulikuwa safi hata waipa ikiwa imezimwa. Nilikiri, chupa haikudanganya. Tuliporudi Kibera Drive kwa mwendo wa pole mambo yakageuka: waipa ikizimwa upande wangu ulijaa nyota, na ikiwashwa ule mpira mkavu uliacha mistari pande zote mbili. Mwisho wa mwezi alipopata mpira mpya wa waipa tukarudia. Upande usiopakwa ulikuwa mzuri. Uliopakwa ulikuwa mzuri zaidi, kwa sababu maji machache yanayobaki nyuma ya waipa yanakatika na kupotea upesi.

Kwa hiyo jibu langu kwake, na kwako wewe msomaji, ni hili: waipa kwanza. Halafu osha kioo vizuri. Halafu taa. Dawa ni ya nne, na ukiwa nayo ni jambo jema. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwapima madereva wakiwa na kioo kilichotiwa dawa ya aina hii kwenye mvua, wakakuta kwamba wanaona vizuri zaidi na wanatambua vitu upesi zaidi.

Kama umeamua kupaka, fanya hivi. Osha kioo kwa sabuni, suuza, kausha. Pangusa kwa spiriti ili grisi yote iondoke, kwa sababu ukipaka juu ya grisi waipa itatetemeka na kupiga kelele. Fanya kazi kivulini, kioo kikiwa baridi. Sugua kwa kitambaa kwa duara ndogo ndogo, ngoja ukungu utokee, pangusa, kisha rudia mara ya pili. Usisahau vioo vya milangoni, maana huko hakuna waipa. Waipa na vumbi vitaila dawa polepole, kwa hiyo hesabu kurudia kila baada ya wiki kadhaa.

Ndani usipake kabisa. Ndani shida ni mvuke wa abiria walioloa na madirisha yaliyofungwa, na hapo unataka ile njia ya kwanza, ya kiazi. Tone la sabuni ya vyombo kwenye kitambaa chenye unyevu, sugua, pangusa mpaka kioo king'ae. Mvuke utatandaa badala ya kuwa ukungu.

Na watu wa bodaboda, ninyi hamna waipa kabisa! Lakini kioo cha helmeti ni plastiki, na dawa ya kioo yenye spiriti inaweza kukiharibu. Tafuteni iliyoandikwa kuwa ni ya plastiki.

Kwa nini nimeandika yote haya kwa ajili ya kichupa? Tangu mwaka 2021 Kenya imepoteza watu zaidi ya 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni waendao kwa miguu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, sekunde moja ni karibu mita 14. Pale steji ya Olympic jua likishazama, mvua ikinyesha, watu wanavuka wakiwa na makoti meusi na karatasi ya nailoni kichwani, wanakimbilia nyumbani. Hao hawawezi kununua dawa ya kioo chako. Wanategemea ile sekunde moja uliyonayo wewe.

Jirani alinunua waipa. Nasikia sasa anadunduliza pesa za chupa.

Haya, mawingu yameanza kukusanyika upande wa Ngong. Nendeni mkaguse mpira wa waipa zenu kabla hayajafika.