Katesh: Zabibu Isiyofika na Asali Iliyopo

Ndugu msomaji, ukisafiri kutoka Babati kwenda Singida, Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, utauona kitambo kabla hujafika Katesh. Hewa ni ya baridi usiku, jua ni kali mchana. Mpenzi wa mvinyo hatakosa kujiuliza: mbona hapa hapana mizabibu?

Swali hilo si la mzaha. Huko Hispania, katika nyanda za Ribera del Duero zilizo karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, hustawi zabibu nyeusi iitwayo Tempranillo. Jina lake latokana na neno lenye maana ya “mapema”, kwa kuwa huiva kabla ya wenzake. Ganda lake ni nene, uchachu wake si mkali, na mvinyo wake mwekundu huwekwa katika mapipa ya mwaloni ukakomaa. Lakini mzabibu huo hulala wakati wa baridi, majani yakapukutika. Kwetu usingizi huo haupo. Ndiyo maana wakulima wa Dodoma huukata matawi ili kuulazimisha uchipue, nao huvuna mara mbili kwa mwaka. Ama Mbulu, penye mvua na ukungu, sidhani ungesalimika. Maji juu ya majani huuletea maradhi.

Basi kinywaji cha heshima cha Wabarabaig wa Hanang hutokana na nyuki. Asali huchanganywa na maji, ikachachushwa kwa mizizi maalumu. Usikitafute baa, kwani hicho ni kinywaji cha mwaliko na cha ibada. Afapo mzee mwenye heshima, kaburi lake hujengewa kichuguu kirefu cha udongo, bung'eda, kazi ya miezi mingi, na wageni hunyweshwa pombe hiyo.

Katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma, NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalienea katika nyanda za Basotu. Wabarabaig walilalamika kwamba malisho yamechukuliwa na makaburi yamelimwa kwa trekta. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikalipa shirika ushindi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipita huko ukaona kichuguu katikati ya shamba, usikikanyage kabla ya kumwuliza mwenyeji ni cha nani.