Neno moja, sauti mbili

Sisi tunaofundisha Kiingereza katika sekondari tunaulizwa mara nyingi: "Mwalimu, mtoto amejaza daftari nzima ya maneno, mbona hawezi kunisomea karatasi ya dawa?" Ulizo hilo ni la haki.

Daftari inapanga neno moja na maana moja. Kiingereza hakiko hivyo. Tuchukue "tear". Ukilitamka "tia", ni chozi. Ukilitamka "tea", ni kupasua. Kwenye pakiti ya dawa ya kuharisha wameandika "tear here", yaani pasua hapa. Mtoto wa daftari anasema "chozi hapa", na darasa linacheka.

Sisi pia tunapanda mihogo na tunapanda mlima, na hakuna anayepotea, sababu neno linalofuata linatuonyesha njia. Lakini "panda" ina sauti moja tu. Kwa Kiingereza, mara nyingine lazima ujue kwanza maana ndipo ujue sauti. Na Kifaransa chetu kinaongeza mzigo: "pain" kwetu ni mkate, kwao ni maumivu!

Neno lisilochekesha ni "lead". Likitamkwa "liid", ni kuongoza. Hilo watoto wanalijua. Likitamkwa "led", ni risasi, madini ambayo kwa Kifaransa tunaita plomb. Wamama wa Lubumbashi wanaofuata bidhaa Lusaka wanapita Kabwe. Pale palikuwa mgodi wa risasi na zinki, uliofanya kazi zaidi ya miaka 80 mpaka ulipofungwa mwaka 1994. Sumu yake iko bado katika udongo, na watoto wanaocheza katika vumbi lile wanaimeza kwa mikono yao. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, hata ikiwa kidogo. Iko pia katika rangi nyingine za kupaka nyumba. Anayejua "kuongoza" peke yake atasoma "lead" kwenye kopo, atadhani ni sifa ya rangi, na atapaka chumba cha watoto.

Kwa hiyo ubaoni hatuandiki neno likiwa peke yake. Tunaliweka pamoja na jirani zake: "lead paint" huku, "lead the children" kule, na wanafunzi wanabishana juu ya sauti. Nyumbani hata mama asiyejua Kiingereza anaweza kusaidia. Mwambie mtoto asome mstari wote, kisha akuelezee kwa Kiswahili. Akikuelezea jambo lisilo na kichwa wala miguu, aanze tena. Na kama ni dawa, bado mwende kwa munganga.

Vitabu vyetu ni vichache. Ninyi mnaovuka Kasumbalesa, msitupe pakiti tupu za sabuni, za maziwa na za biskuti. Zileteni shuleni, tutazisoma na watoto. Makopo ya rangi, hapana.