Kwa Mtumbwi Juu ya Ziwa Dogo la Momella

Namanga si mahali pa mitumbwi. Mtu aliyekulia chini ya Ol Doinyo Orok, yaani Mlima Mweusi kwa lugha ya Kimaasai, huujua mto Namanga kuwa ni mchanga kwa miezi mingi ya mwaka, na maji kwa siku chache tu. Maji hayo yapatapo nguvu huelekea bonde la Amboseli, ambalo jina lake husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi la chumvi. Basi nilipowaambia majirani ya kwamba tunakwenda kulipa fedha ili tuketi juu ya maji kwa saa mbili, walicheka sana. Mmoja aliuliza kama tutaruhusiwa kurudi nayo nyumbani walau debe moja.

Katika miji ya Ulaya kama Venice na Amsterdam, mifereji ya maji ni njia za mji kama zilivyo barabara kwetu. Mgeni aweza kupewa mtumbwi mwembamba uitwao kayaki, na kafi moja lenye bapa pande mbili, kisha kiongozi akamtangulia wakapita chini ya madaraja kwa saa moja au mbili. Kayaki yenyewe haikubuniwa huko. Ni chombo cha watu wa Greenland na wa kaskazini ya Kanada, walioivika ngozi za sili wapate kuwinda katika bahari ya baridi. Sisi hatuna mji wa mifereji. Lakini ukivuka mpaka hapa Namanga na kushika barabara ya Arusha, utafika kwa muda wa saa chache mahali ambapo mtu huketi chini vilevile, hushika kafi vilevile, na huongozwa vilevile. Mahali hapo ni Ziwa Dogo la Momella, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Tulikuwa watu wanne: mimi, ambaye kazi yangu ni ukarani katika ofisi ya kupitisha mizigo mpakani, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, dereva wetu, na mzee mmoja mfugaji wa upande wa Kajiado, ambaye simtaji jina kwa kuwa hapendi kuandikwa. Mzee huyu hakuja kwa kutembea tu. Ukoo wake ulikuwa ukibishana juu ya mahali pa kuchimba kisima. Wengi walitaka kichimbwe karibu na boma, kwa sababu jirani yao alikwisha chimba pale akapata maji meupe na matamu. Mzee alisita. Watoto wa jirani yule walikuwa wameota meno ya rangi ya kahawia, wala hapakuwa na mtu wa kumweleza sababu. Aliposikia ya kwamba huko Meru watu wengi wana meno ya namna ile, alisema atakwenda akawaulize wenyewe.

Tulivuka mapema asubuhi katika kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili mwaka 2018, ambapo shughuli za Kenya na za Tanzania humalizwa chini ya paa moja. (Waliokuwa wakipanga foleni mara mbili hapo zamani wanajua faida yake, na sisi makarani twajua zaidi.) Mbele kidogo ni Longido. Katika mlima ule, tarehe 3 Novemba 1914, majeshi ya Waingereza yaliwashambulia Wajerumani yakashindwa kuwaondoa, yakarudi nyuma hadi Namanga; na maji yalikuwa mojawapo ya vitu vilivyowapungukia siku hiyo. Longido ya leo hupata maji kwa mabomba kutoka mto Simba, ulio katika miteremko ya Kilimanjaro. Mzee alitazama matangi yale kwa muda mrefu, lakini hakusema neno.

Toka hapo hata Arusha ni nyika, kisha mashamba, kisha magari mengi. Tuliupita mji bila kusimama, tukafika Usa River, tukapanda kaskazini mpaka lango la hifadhi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, na mwaka 1967 ikapewa jina la Arusha baada ya kuongezwa sehemu ya mlima Meru. Katika msitu tuliwaona mbega wakiruka na mikia yao mirefu meupe. Kisha miti ikaisha ghafula, na maziwa yakaonekana.

Asili ya maziwa haya ni mlima. Meru una urefu wa mita zaidi ya 4,500, nao ni volkano iliyotoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Miaka elfu kadhaa iliyopita ubavu wake wa mashariki ulianguka. Mawe na tope vilimiminika mbali sana, vikaacha vilima vidogo vidogo na mabonde katikati yake, na katika mabonde hayo maji yakakusanyika. Mengi huingia kwa njia za chini ya ardhi. Mto wa kuyatoa tena hapana. Hutolewa na jua peke yake. Jua huchukua maji, chumvi na magadi huachwa. Kwa sababu hiyo kila ziwa lina rangi yake, hili kijani, lile samawati, jingine kama maziwa yaliyochanganywa na maji, kwa kadiri ya magadi yaliyomo na mimea midogo iotayo ndani yake.

Penye ufuko tulimkuta kiongozi wetu, kijana wa Kimeru, pamoja na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Kijana alimwamkia mzee, "Shikamoo, Babu," akaitikiwa "Marahaba," kisha akatuvika makoti ya kuelea. Mzee alivua ushanga wake mmoja akautia mfukoni, akafunga koti juu ya shuka yake, akauliza kama nalo lina muhuri wa mpakani. Tulicheka, na hofu ikapungua.

Vyombo vya Momella si kayaki hasa, ila ni ndugu zake wa karibu: mitumbwi myepesi iliyo wazi juu, ya watu wawili au watatu. Masharti tuliyopewa yalikuwa machache. Usisimame. Usiinamie upande mmoja pamoja na mwenzako. Usipige kelele. Na lililo kubwa, usipite kamwe kati ya kiboko na maji ya kina, maana kiboko anayeshtuka hukimbilia kina, na aliye njiani mwake hupinduliwa. Kiongozi alikuwa akigonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi lake kila baada ya hatua kadhaa. Nilidhani ni mazoea tu, mpaka alipogonga karibu na matete na vichwa vitatu vikaibuka mbali kidogo, masikio yakipepesuka. Alisema yafaa kiboko ajue ulipo, nawe ujue alipo, kisha kila mmoja ashike njia yake. Tulizunguka kwa mbali sana. Mwalimu, ambaye njia nzima alikuwa msemaji wetu, hakusema kitu kwa robo saa.

Sijui niwaelezeje wasomaji hali ya kuketi chini namna ile. Ukiwa garini unaitazama nchi kutoka juu, na mnyama hukuona kama sehemu ya gari. Ndani ya mtumbwi macho yako yapo karibu usawa na maji. Nyati waliokuwa wakila majani ukingoni walionekana warefu kama nyumba, na kuro mmoja dume alitutazama bila kukimbia. Twiga walipita nyuma ya vilima, shingo tu zikionekana. Bata wa aina nyingi walifunguka mbele yetu kama pazia na kujifunga nyuma yetu. Heroe walikuwa wachache siku hiyo, mstari mwembamba wa waridi upande wa mbali. Nao huja na kuondoka kwa kadiri ya chakula chao, ambacho ni mimea midogo ya maji ya magadi. Mashariki Kilimanjaro ilionekana kwa muda mfupi kabla ya mawingu. Hapakuwa na sauti ila ya makafi.

Hapo katikati mzee alichovya kidole majini, akakionja, akatema.

"Kijana wangu, haya ni magadi."

"Ndiyo, Babu. Ni magadi, na kitu kingine usichoweza kukionja."

Kijana akageuka, akafunua meno yake. Yalikuwa na madoa ya kahawia toka ufizini hata nchani. "Haya si ya tumbaku, Babu. Situmii tumbaku. Ni ya maji niliyonywa utotoni nyumbani kwetu."

Mzee aliyatazama kama mtu atazamavyo meno ya ng'ombe sokoni, bila haya na bila dharau. Kisha akauliza, "Maji hayo ya kwenu yana rangi gani?"

"Hayana rangi. Ni meupe, tena matamu."

Mzee akaliweka kafi magotini. Tulibaki tunaelea pale kitambo, na kijana akaeleza. Nami nayaandika pamoja na yale niliyoyajua baadaye, kwa kuwa yanawahusu wengi wetu tukaao penye nchi ya volkano.

Kitu chenyewe huitwa floraidi. Kimo ndani ya mawe yaliyotoka katika volkano za Bonde la Ufa, na maji yapitayo katika mawe hayo hukichukua. Kidogo chake huimarisha meno. Kikizidi, meno ya mtoto yanayoendelea kujengwa ndani ya ufizi huharibika, yakaota na madoa yasiyosuguliwa na mswaki wowote. Kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hushikwa: mgongo hukakamaa, na miguu ya watoto yaweza kupinda. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Katika maziwa ya Momella vipimo vimefika mamia ya miligramu. Hapana mtu anywaye ziwa, bila shaka, lakini mito na visima vya pande hizo pia vina floraidi iliyozidi, nayo haina rangi, wala harufu, wala ladha. Kuchemsha maji hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki. Hata magadi ya kulainishia maharage huongeza kadiri yake mwilini.

Wazee wa zamani waliyapa maji majina kwa rangi. Upande wa Usa pana mahali paitwapo Maji ya Chai, na ng'ambo ya lango la Momella pana Engare Nanyuki, yaani maji mekundu kwa Kimaasai. Nchi hiyo ya Engare Nanyuki ndiyo waliyofukuzwa Wameru mwaka 1951 ili wapewe wafugaji wa Kizungu, na ndiyo iliyompeleka Kirilo Japhet mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York mwaka 1952 kuwasemea watu wake. Ukiyasimama malisho yale utaona kwa nini waliyapigania. Nayo maji yake yana floraidi. Mtu aweza kupigania haki yake kwa uhodari wote, akaipata, na bado akalazimika kupima maji ya mto wake.

Dawa ipo, na kwa mfugaji si ngeni kabisa. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kisicho mbali na hifadhi, wataalamu wa serikali ya Tanzania wamefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa moto wa kiasi penye hewa haba, husagwa punje punje, na maji hupitishwa humo taratibu. Floraidi hunaswa na mifupa. Ikichomwa vibaya maji hunuka, na baada ya muda mkaa hushiba, lazima ubadilishwe. Huko Nakuru, Jimbo Katoliki limetumia njia hiyohiyo kwa miaka mingi. Mzee aliposikia habari za mifupa alicheka kwa mara ya kwanza tangu Longido, akasema kwamba kumbe tunawatupia fisi mali.

Upepo ulianza kabla ya saa sita, mawimbi madogo yakaugonga mtumbwi, nasi tukarudi ufukoni. Makafi yalipokauka juani yalibaki na unga mweupe, na mikono yetu pia.

Kwa atakaye kwenda: hati ya kusafiria ni lazima, na raia wa Afrika Mashariki hutozwa ada ndogo ya kuingia hifadhini kuliko wageni wa mbali. Malipo ya mtumbwi na kiongozi ni mbali na ada hiyo, tena ni afadhali kuagiza mapema. Nenda asubuhi, uvae kofia, na uchukue maji yako ya kunywa, kwa sababu utakuwa na kiu hapo katikati ya maji kuliko ulivyopata kuwa nayo Namanga.

Mzee alijaza chupa moja kwa maji ya kisima cha jirani yake, na nyingine kwa maji ya mahali pale pa mbali palipokataliwa na wengi. Mwalimu alizibandika karatasi zenye tarehe na mahali, nami nikazipeleka Nairobi zipimwe. Majibu hayajatoka. Lakini ukoo umekubali kuyangoja, na mwenye mtambo wa kuchimbia, aliyekuwa amekwisha lipwa sehemu ya fedha zake, ameambiwa asije kwanza.