Gari lisilo na oil: kuservisi gari la umeme kule Manyatta

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na programu, maana kila nikienda nyumbani Manyatta, kule Embu, naulizwa swali moja tu: lile gari la Mwalimu linaservisiwa wapi? Mwalimu ni mjomba wangu. Alipostaafu alinunua Nissan Leaf iliyotumika Japani, yenye betri ya kilowatisaa 40, na tangu siku hiyo mimi ndiye injinia wa ukoo, ingawa kazi yangu ni kubonyeza kibodi.

Linaservisiwa pale pale sokoni, na fundi yule yule aliyekuwa akitengeneza pikapu yake ya zamani. Lakini haikuanza vizuri. Siku ya kwanza fundi alifungua boneti, akainama, akazunguka gari zima. Hakuna oil ya injini, hakuna filta yake, hakuna plagi, feni belti, klachi wala ekzosi. Akafunga boneti polepole, akaniambia, "Sasa injinia, mimi nitakula wapi?" Waliokuwepo walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ana vijana watatu wanaojifunza kazi kwake, na unga wao unatoka kwenye kumwaga oil ya matatu na Probox.

Kazi zilizobaki si nyingi, ila zipo: magurudumu, shokomzoba, ile betri ndogo ya volti 12 (ndiyo, gari la umeme nalo lina betri ndogo, na ikifa gari haliwaki hata kama ile kubwa imejaa), kulanti ya mota, oil kidogo ya gia, na filta ya hewa ya ndani. Halafu breki. Hapa nitakaa kidogo, maana Manyatta ni mlimani na mambo yanakuwa kinyume na mnavyofikiri.

Gari la umeme likipunguza mwendo, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kwa hiyo Mwalimu anaposhuka kwenda Embu mjini, pedi za breki hazifanyi kazi kubwa. Fundi alipovua gurudumu alikuta pedi nene kama mpya, lakini diski imeshika kutu na pini za kalipa zimekauka. Kwenye pikapu breki zilikuwa zinaisha kwa kutumika, huku zinaharibika kwa kukaa bure kwenye mvua. Dawa yake ni kuvua, kusugua, kupaka grisi na kurudisha, hasa baada ya mvua za Machi hadi Mei. Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza: hiyo kazi anaijua akiwa amefumba macho.

Hesabu kidogo kwa wapenda hesabu. Gari la kilo 1,600 likishuka mita 100 kwenda chini, linabeba nguvu ya karibu kilowatisaa 0.44. Si zote zinarudi, lakini hata nusu yake si haba. Sasa, betri ikiwa imejaa asilimia 100 haina pa kuziweka, na gari linarudi kutegemea pedi. Ndiyo maana nilimwambia Mwalimu asijaze usiku kucha. Anayeishi juu ya mteremko achaji mpaka asilimia 80 hivi, kisha mlima umwongezee. Yeye hupenda kusema kwamba maji ya mlima wetu yanaishia Tana, yanapita Kamburu na Kindaruma yakizalisha umeme, na yeye anaurudisha nyumbani kwa waya. Mwalimu ni mwalimu tu.

Jambo moja halina utani. Nyaya zote za rangi ya chungwa ni za betri kubwa, na ikijaa inakaribia volti 400. Vijana wa fundi wamekatazwa kuzigusa. Kabla ya kazi yoyote huko, plagi ya usalama inatolewa na gari linaachwa angalau dakika 10, na hata hapo ni kazi ya aliyefunzwa. Kwa sasa fundi wetu haigusi kabisa, na mimi naona ni busara.

Lakini nilichotaka hasa kusema ni hiki: afya ya gari hili huisikii kwa sikio. Injini mbovu inagonga, inatoa moshi. Betri iliyochoka inakaa kimya, na dashibodi (ya kwetu ni ya Kijapani, tuliisoma kwa kamera ya simu) inakuonyesha asilimia 100 ya kile kilichobaki, si cha kiwandani. Ukweli uko kwenye data. Unachomeka kidude cha Bluetooth chini ya usukani, unafungua Leaf Spy kwenye simu, na unaona jozi 96 za seli, volti ya kila moja, na joto la betri. Betri ya Leaf hii haina kulanti, joto ndilo adui yake, kwa hiyo baridi ya Manyatta inaitunza kuliko jua la Mombasa.

Na data ikifungwa je? Tazameni Tesla Roadster, gari la spoti lililoundwa kati ya 2008 na 2012, kama 2,450 hivi, lenye seli 6,831 zinazofanana na zile za laptopu. Ukiliacha muda mrefu bila chaji, betri yaweza kufa kabisa. Programu ya kulichunguza na michoro yake Tesla iliiweka hadharani Novemba 2023, miaka 11 baada ya uundaji kukoma. Tajiri wa California anaweza kungoja miaka 11. Mwalimu wa pensheni hawezi.

Juzi rafiki yake Mwalimu, naye mstaafu, alitaka kununua gari la umeme Nairobi. Muuzaji simtaji. Rangi inang'aa, viti safi, dashibodi imejaa. Tulikwenda na fundi, akachomeka kidude yeye mwenyewe: afya ya betri asilimia 68, na tulipokanyaga mafuta kwenye mlima (tunasema mafuta bado!) seli mbili zikadondoka kuliko wenzake. Yule mama alishika mkoba wake, akasema asante, tukarudi na pesa zake zote.

Fundi sasa ana kidude chake. Kusoma betri anatoza sawa na alivyokuwa akitoza kumwaga oil, na mmoja wa wale vijana anaandika namba kwenye daftari la mistari. Jumamosi tunavua tena magurudumu ya Mwalimu. Nikipata picha nzuri za kalipa nitaziweka hapa.