Kizazi Kilicholikimbia Gari la Zimamoto

Sisi tuliozaliwa Kariakoo miaka ya 1940 tulilelewa na hofu mbili za usiku: hofu ya moto, na hofu ya watu walioajiriwa kuuzima. Vijana wanaoshuka leo kwenye mwendokasi pale Fire, Barabara ya Morogoro inapokutana na Mtaa wa Msimbazi, hupita mbele ya magari mekundu bila kugeuza shingo. Nawaonea raha. Wazazi wetu walipolisikia gari lile likija, walituingiza uani na kufunga mlango.

Habari iliyoenea mjini ilikuwa kwamba zimamoto ni mumiani. Walisemwa kuwa huzunguka usiku, humkamata mpita njia aliye peke yake, humnyonya damu, na damu ile hupelekwa kutengenezewa dawa za Wazungu. Wala haikuwa habari ya Dar es Salaam peke yake. Nairobi na Kampala nako watu waliwaogopa wazimamoto vilevile, na masimulizi yalifanana kama yametoka mdomo mmoja. Mtoto akichelewa kurudi kutoka Mnazi Mmoja, hakutishwa kwa simba wala kwa jini. Alitishwa kwa gari jekundu.

Ni rahisi kwa msomi wa leo kusema wazee walikuwa wajinga. Mimi siwavunjii heshima hivyo. Tazameni walichokuwa wakikiona. Mji wa mkoloni ulikatwa mapande: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini kwenye maduka, nasi ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi makusudi ili kututenga. Kwetu nyumba zilikuwa za udongo na miti, nyingine zimeezekwa makuti, nyingine madebe yaliyopasuliwa. Moto wa kibatari ukishika paa, majirani walipokezana ndoo na kutupa mchanga. Zimamoto aliitwa kwa simu, na simu ilikuwa ofisini na kwa wenye nacho. Basi raia wa Kariakoo aliona wanaume wenye sare wakikaa kutwa kucha wakisubiri, wakilishwa na serikali, na gari linalopita kasi kuliko vyombo vyote, lakini ni nadra kuona wanachokizima. Alijiuliza: hawa wanalipwa kwa kazi gani? Serikali isiyomweleza chochote, iliyomtoza kodi na kumuuliza alikotoka na aendako, haikumpa jibu. Akajijibu mwenyewe, na jibu lake lilikuwa damu.

Hofu hiyo haikuishia vibarazani. Mwaka 1959, kabla hatujapata serikali yetu, umati wa watu huko Buguruni ulimwua askari polisi kwa kudhani amehusika na umumiani. Askari yule alikuwa Mwafrika mwenzao. Ndipo ninaposema kwamba imani ikikosekana kati ya mtumishi na mtaa, wa kwanza kuumia huwa ni mtu mdogo aliyevaa sare.

Uhuru wa 1961 haukuifuta hofu hiyo kwa siku moja. Bibi zetu waliendelea kuwataja mumiani hata bendera ilipokwisha kubadilika. Kilichoifuta ni jambo la taratibu: vijana tuliocheza nao chandimu walianza kuvaa kofia zile ngumu. Mtu akawa anamjua mama wa mshika mpira wa maji na shemeji wa dereva. Utamwitaje mumiani kijana aliyebeba jeneza la baba yako? Kwa miaka mingi zimamoto ilikuwa kazi ya halmashauri za miji, kisha sheria ya mwaka 2007 ikaunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, jeshi moja la nchi nzima, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Leo mtoto wa darasa la pili anaweza kukutajia namba 114.

Nilijua safari hiyo imefika mbali usiku wa tarehe 10 Julai 2021, lilipoungua Soko Kuu la Kariakoo. Soko lile alilibuni Beda Amuli, msanifu wetu, likafunguliwa mwaka 1975, na kizazi changu kililionea fahari kama nyumba yake. Usiku ule hakuna aliyelikimbia gari jekundu. Watu walilitazamia njiani. Na Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na watu wakabaki chini ya kifusi, waokoaji walipoingia kwenye mashimo yale, mtaa uliwaombea dua.

Lakini nina neno kwa wajukuu. Hofu imeondoka, na heshima bado haijakaa mahali pake. Tulikuwa tunaukimbia moto pamoja na mzimaji wake. Ninyi mnaukimbilia na simu mkononi. Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, Morogoro, watu walikwenda na madumu kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya mia moja walipoteza maisha. Kariakoo yenyewe imekuwa ya maghorofa yanayopakana ukuta kwa ukuta, mizigo hadi kwenye ngazi, meza za biashara hadi katikati ya barabara. Gari la zimamoto likifika upesi na kukosa pa kupita, ni sawa na halikuja. Koki za barabarani za kuchotea maji ya kuzimia moto zikifunikwa na kibanda, mwenye kibanda ndiye atakayeungua wa kwanza.

Wazazi wetu hawakuwa na sauti katika zimamoto ya mkoloni, kwa hiyo hawakuwa na wajibu kwake. Ninyi mna vyote viwili. Mjumbe wa mtaa aitishe kikao, muulizane koki iko wapi, gari litapita njia ipi, na mlango wa nyuma wa ghorofa lenu unafunguka au umefungwa kwa kufuli. Na mnapoona kosa kwenye jeshi hilo, lisemeni wazi kwenye mikutano, kwa sababu ni mali yenu. Kizazi changu kilichukua miaka mingi kuacha kumwogopa mwokozi wake. Kazi yenu ninyi ni kumwachia njia.