Swali moja, jela miaka 3

Wasee, kabla mniambie tena eti mashairi ni ya mtihani tu, kuna jina nataka mlijue: Abdilatif Abdalla.

Jamaa ni wa Mombasa, alizaliwa 1946. Mwaka wa 1968 akaandika waraka, Kenya: Twendapi?, kupinga jinsi serikali ya Jomo Kenyatta ilivyokuwa inakibana KPU, chama cha Oginga Odinga. Alikuwa na miaka 22. Akafungwa miaka 3 kwa uchochezi, muda mwingi akiwa seli ya peke yake. Huko ndani akaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za choo. (Ndiyo, tishu. Na wewe simu ikifika asilimia 10 unasema utaandika kesho.)

Mashairi yakatoka 1973 kama kitabu, Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kikashinda tuzo ya fasihi. Tuzo yenyewe inaitwaje? Jomo Kenyatta. Sina la kuongeza hapo.

Lenye limenikalia kichwani ni shairi moja humo, "Mnazi: Vuta N'kuvute". Ndugu wawili wanagombania mnazi, basi. Wasomaji wengi huuona mnazi huo kama Kenya baada ya uhuru: nani alitunza, nani anakula. Kimvita chake kilinitoa jasho, maana sisi nyumbani ni Kipsigis. Na huku Sigor hakuna minazi. Lakini panda matatu uende Bomet hadi Kericho, uangalie yale mashamba ya chai yasiyoisha, yaliyoanzishwa na wakoloni kwenye ardhi ya wazee wetu. Utaelewa huo mnazi haraka sana.

Kuna watu husema mafumbo ni uoga. Mimi nakataa. Huyu aliuliza wazi kwanza, jina lake likiwa hatarini, akalipia. Mafumbo yalikuja baadaye, akiwa tayari ndani.

Tangu yale maandamano ya Juni 2024, kila nikiposti kitu cha siasa mama ananiambia, "Wachana na hayo, utachukuliwa." Juzi nikamsimulia hii stori yote. Hakuuliza kuhusu tuzo. Aliuliza, "Alipotoka, alirudi kukaa kwao?"

Nikamwambia alitoka 1972, akaenda Dar es Salaam, kisha London, kisha Ujerumani kufundisha Leipzig.

Akanyamaza, akaendelea kuchambua mboga.